Simu Sita za Kiherehere

Kila asubuhi kabla ya chai, nyumba yetu iligeuka wodi. Dada alipita na saa yake yenye mshale wa sekunde, akamshika Bibi mkono, kisha Baba, kisha mimi, akahesabu mapigo ya moyo na kuyaandika kwenye daftari. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Dada alikuwa amehitimu uuguzi na ana leseni, ila hakuwa na kazi, na hakutaka mikono yake isahau.

"Daktari, nimepona?" Baba alimtania. "Naruhusiwa kurudi kwenye cherehani yangu?"

"Umepona, Baba. Ila punguza maneno."

Dada alikuwa amefanya usaili katika hospitali kubwa ya mji wetu. Nafasi zilikuwa nne, na waombaji mia mbili na kumi. Waliambiwa wasubiri majibu kwa wiki tatu. Sare yake nyeupe, aliyoishona Baba mwenyewe, ilining'inia nyuma ya mlango, na kila Ijumaa Dada aliipiga pasi ingawa haikuwa imevaliwa. Nilimwonea huruma.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Bibi aliniita Kiherehere. Jina hilo sikupewa bure. Siku moja nilimsikia akimtia Dada moyo: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mjukuu wangu." Mimi nikaona Dada hainami vya kutosha. Nikaamua kuinama kwa niaba yake.

Sauti zetu mimi na Dada hazitofautiani. Kwenye simu hata Baba hutuchanganya. Basi Jumatatu, nilipotoka shuleni, nilimkuta Dada uani anaanua nguo. Nikachukua simu yake na kupiga hospitali.

"Halo, mimi ni yule muuguzi aliyefanya usaili," nilisema, nikataja jina la Dada. "Majibu yametoka?"

"Bado, dada," karani alijibu kwa upole. "Vuta subira."

Jumanne nikapiga tena. Jumatano karani akaguna. Alhamisi akaniuliza kama sikumwelewa. Ijumaa akakata simu kabla sijamaliza. Wala sikukoma. Jumatatu iliyofuata nikapiga mara ya sita, na safari hii sauti ilikuwa nyingine, nzito na ya taratibu.

"Hapa ni Metroni, mkuu wa wauguzi. Hebu niambie, muuguzi asiyeweza kungoja wiki tatu, ataweza kumngoja mgonjwa ale uji kijiko kwa kijiko?"

Simu ikakatika. Usiku ule sikula, nikasema tumbo linauma.

Asubuhi Dada alinishika mkono kama kawaida. Akatazama saa, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Mia na kumi na nane," alisema. "Homa huna. Hujakimbia. Umefanya nini, mdogo wangu?"

Uongo niliokuwa nimeuandaa ulipotea wote. Nikamweleza kila kitu huku nalia. Dada aliketi kitandani akaitazama ile sare. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda wote."

Ofisi ya Metroni ilikuwa mwisho wa ukumbi ulionukia dawa ya kudekia. Mezani palikuwa na rundo refu la mafaili. Dada alisalimia, kisha akasema, "Sikuja kuomba kazi, Metroni. Huyu mdogo wangu ana neno."

Nilisema yote, macho yakiwa sakafuni. Metroni alinitaka nirudie, "Halo, mimi ni yule muuguzi." Nikarudia. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Nyumbani wanakuitaje?"

"Kiherehere, shikamoo." Kwa hofu nilikuwa nimesahau kumwamkia.

"Marahaba, Kiherehere. Mgonjwa wa homa hupimwa joto kila baada ya muda gani? Muulize dada yako."

"Kila baada ya saa nne," Dada alijibu.

"Ukimpima kila dakika tano?"

"Hatapata usingizi, na homa haitashuka kwa sababu hiyo."

Metroni alitoa faili la Dada chini kabisa ya rundo, lilikosukumwa na simu zangu, akalirudisha katikati ya mengine. "Sikuahidi kitu," alisema. "Utashindanishwa kama wenzako."

Majibu yalipotoka, Dada alikuwa wa tano. Nafasi nne, yeye wa tano! Baba alisimamisha cherehani. Nilidhani Dada ataikunja ile sare aiweke sandukuni. Badala yake aliandika barua moja fupi, akashukuru na kuuliza alipungukiwa wapi. Metroni akamjibu kwamba hakuwa na uzoefu wa kuhudumia watoto. Dada akaenda kujitolea zahanati ya jirani, kliniki ya watoto. Mwisho wa mwezi aliandika tena, akaambatanisha barua ya zahanati. Mwezi wa pili, vivyo hivyo. Katikati hakuandika wala kupiga, ingawa mimi vidole vilikuwa vikiniwasha.

Mwezi wa tatu, mchana mmoja, simu ililia Dada akiwa uani. Nikaipokea.

"Halo? Nafasi moja imepatikana, muuguzi wetu amekwenda masomoni. Huyu ni muuguzi mwenyewe?"

Niliitambua sauti ile. Moyo ulinidunda kuliko siku ile ya mia na kumi na nane.

"Hapana, Metroni. Shikamoo. Ni mdogo wake. Subiri nimwite."

"Marahaba," alisema, nikasikia anatabasamu. "Nitasubiri."

Siku ya kwanza ya kazi, Dada alivaa sare akatupima sote mlangoni, mwanzo Bibi, mwisho mimi. Bibi aliniweka mkono begani tukimtazama akishika njia.

"Umeona, Kiherehere? Dada yako hakuchoka kubisha hodi. Lakini kila alipobisha alikuwa na jambo jipya mkononi, na alisema jina lake mwenyewe. Hivyo ndivyo mlango hufunguliwa."