Mtungi wa Kabla ya Kengele

Kofi la kwanza lilimkuta Elitsa ana mkate mdomoni. Sikuhadithiwa. Nilikuwa meza moja naye.

"Nipe simu," Kamen alisema.

"Sikupi. Tuliachana mpakani, Kamen. Basi zima lilisikia."

"Mimi sijaachana na mtu."

La pili likampasua mdomo. Simu ikaenda.

Tulikuwa wanafunzi wa Plovdiv, Bulgaria, tumekuja kisiwa cha Korfu, Ugiriki, kula Pasaka. Kamen ndiye aliyeandaa safari, akajiona anamiliki mpaka pumzi zetu. Elitsa alikuwa mchumba wake. Na sote wenye macho tulijua kwamba Lazar, mpiga kodiani wa kundi letu, anampenda Elitsa kimyakimya, hajamgusa hata ukucha.

Bi Stamatia, mwenye nyumba, akatoka jikoni na kikaango. Aliwahi kuolewa na Mbulgaria, lugha yetu anaichapa vizuri, matusi yakiwemo.

"We mbwa, nyumbani kwangu hapigwi mwanamke."

"Ni mambo yetu, mama."

"Mambo yenu yanadondosha damu kwenye zulia langu."

Kamen akacheka, akatoka roshani na ile simu. Huko nje ilikuwa imepangwa mitungi ya Bi Stamatia, imejaa maji, shingoni utepe mwekundu. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, siku ambayo kengele ikilia, mji mzima huporomosha mitungi barabarani kutoka ghorofani. Watu husimama pembeni nyuma ya kamba, wakishangilia, kisha hugombania vigae vya bahati.

Nilimpeleka Elitsa bafuni, nikamwosha mdomo.

"Anatafuta nini humo kwenye simu?" nikamuuliza.

"Meseji za Lazar."

"Zipo? Shoga, na mimi hukuniambia?"

"Ipo moja. Jana aliniuliza kama nimekula."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Miglena. Miaka miwili na Kamen, hajawahi kuniuliza."

Nikachungulia dirishani kutupa yale maji ya damu. Chini, Lazar alikuwa ameruka kamba, amesimama barabarani peke yake kama mwizi aliyezingirwa.

"We Lazar, umelewa? Kengele inakaribia kulia."

"Elitsa kaniita kwa meseji. Kasema nisimame chini ya roshani anipe jibu."

Elitsa akanisukuma pembeni.

"Simu ninayo mimi?" akasema, na tayari alikuwa anakimbia.

Kamen alikuwa ameshaupandisha mtungi kwenye ukingo.

"Weka chini," Elitsa alisema.

"Leo mtungi ukimwangukia mtu ni ajali. Nani atauliza?"

Elitsa akamng'ata mkono mpaka meno yakagota mfupa. Kamen akampiga kiwiko cha pua. Nilisikia ile pua ikivunjika, na Elitsa hakuachia. Mtungi ukaenda upande, ukaporomoka.

Kelele za barabara nzima zikaja juu. Haukumpata kichwani, ulimpata begani. Lazar alilala kwenye maji yaliyogeuka mekundu, mfupa umetokeza kwenye shati.

Kamen akamkaba Elitsa koo, anamsukuma kwenye ukingo amfuate mtungi. Hapo Bi Stamatia akamshushia kikaango kisogoni. Mimi nikampiga kiti cha magoti. Alipoanguka, Elitsa alimkalia mgongoni, akapiga, akapiga, mpaka tukambandua.

Polisi waliokuwa wakilinda kamba walipopanda juu, Kamen alikuwa na maneno yake tayari.

"Mtungi umeniteleza. Kama mitungi mingine."

Bi Stamatia akamtafsiria polisi, kisha akatuletea jibu.

"Anauliza, mingine ipi? Kengele haijalia. Mwanangu, hapa kwetu kabla ya kengele hakuna anayetupa mtungi, hata mlevi. Mji mzima unatazama roshani, simu juu, kila mtu anataka kurekodi mtungi wa kwanza. Umekuwa wewe."

Na kweli, ng'ambo ya barabara walikuwa wameshaanza kuoneshana. Kwenye mfuko wa Kamen ikatoka simu ya Elitsa, ujumbe ungalipo: "Lazar, vuka kamba, simama chini ya roshani. Nataka nikupe jibu."

"Elitsa, nilikuwa nakupenda," Kamen alisema wakati wanamfunga pingu.

"Ulikuwa unanirusha," Elitsa akamjibu.

Gari la wagonjwa likaondoka na Lazar. Elitsa alitaka kulikimbilia na pua yake inayovuja. Bi Stamatia akamshika bega.

"Wewe nawe unakwenda kushonwa. Lakini kwanza tupa mtungi wako."

Elitsa akavua pete ya Kamen, akaitumbukiza kwenye mtungi mkubwa kuliko yote. Kengele ikalia. Aliurusha kwa mikono miwili, bila sauti, na ulivyopasuka chini nilihisi sakafu inatetemeka.

Jioni nilimsindikiza Elitsa wodini kwa Lazar, uso wake umefungwa bandeji kama kitunguu cha bustanini. Lazar alikuwa amefungwa plasta kuanzia shingoni.

"Kumbe hukuniita," Lazar alisema.

"Sikukuita."

"Basi nilikuja bila mwaliko. Samahani."

Elitsa akamwekea kigae kwenye kiganja kizima.

"Ni cha ule ulionipiga?"

"Ni cha ule nilioutupa mimi."

Lazar akakifumbata. Nikajifanya natafuta kiti, masikio nimeyaacha palepale. Elitsa akafungua kitambaa alichopewa na Bi Stamatia, kilikuwa na mkate wa Pasaka na yai jekundu.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

Akaukata mkate, akaanza kumlisha.