Mtetemo wa Pikapu ya Maduhu

Pikapu ilianza kutetemeka siku ileile Maduhu alipoileta Somanda. Kidogo tu, kwenye kiti cha kushoto, pale alipokaa mkewe Monika na mimba yake kubwa.

"Barabara hiyo," Maduhu akasema.

Wakaingia lami. Ikatetemeka.

Nyumbani dada yake Kwandu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, anatazama kiti kinavyotetemeka. "Si nilikwambia? Uza wote, ng'ombe mweusi wa marehemu mama muache. Yule wa mizimu, mama anakaa ndani yake, hauzwi, hachinjwi. Wewe ukamswaga mnadani pamoja na wenzake, ukanunua gari."

"Dada, ng'ombe ni ng'ombe."

"Haya. Mpande basi."

Fundi Joakim akabalansi matairi. Bado. Akabadilisha krosi za propela. Bado. Akafunga maunti mpya, zile raba za kushikia injini. Usukani ukatulia, kiti cha Monika kikaendelea.

Mchana mmoja Joakim akaingia uvunguni mwa gari, akaweka kiganja kwenye chuma cha chesesi. "Kaka, zima injini nisikilize."

"Imezimwa."

"Zima bwana, usinitanie."

"Joakim, ufunguo ninao mkononi."

Halafu chuma kikacheza chini ya kiganja chake, kikatulia, kikacheza tena, vile ng'ombe anavyochezesha ngozi kufukuza nzi, na harufu ya zizi ikamshukia, samadi mbichi na maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, na juu ya uso wake, ndani ya injini ya baridi, kitu kikatafuna taratibu, kikameza, kikashusha pumzi, na Joakim akatoka kwa mgongo, spana akaziacha hukohuko.

Wakamwita mganga Mashimba kutoka Mwamapalala. Akataka ng'ombe mweusi mwingine, asimamishwe mbele ya gari.

"Kamba ashike aliyeuza," akasema. "Mama atapita kwenye mkono wa mwanawe aende kwa ng'ombe wake. Akishika mgeni, asiye damu yake, mama ataingia mwilini mwake, ila kutoka hataijua njia. Umenisikia, Maduhu?"

"Nimesikia, mzee."

Ng'ombe alipopatikana, Maduhu akashika kamba, Mashimba akanyunyiza maji ya unga. Kwandu akamwita marehemu mama yao kwa sauti ndogo, "Mayu Nyanjige, ng'ombe wako huyu. Shuka, mayu."

Pikapu ikatikisika yote, vioo vikalia, milango ikagonga, kisha ikaanza kuteremka yenyewe kwenda mtaroni, polepole, haina mtu ndani, na Maduhu akaona rangi mpya, taa mpya, kila kitu kinakwenda kuvunjika.

"Gari langu!" Kamba akamtupia aliyekuwa karibu, akarukia hendibreki.

Ikasimama. Akagusa boneti: shwari. "Imetulia! Dada, imetulia!"

Monika alikuwa ameshika kamba. Ng'ombe anarudi nyuma, macho yamemtoka, anamkimbia.

"Baba," Monika akamwita mumewe. "Njoo uweke mkono hapa."

Akauweka tumboni. Ngozi ikacheza, ikatulia, ikacheza tena. Harufu ya maziwa ikawapanda puani.

"Mtoto anacheza huyo," Maduhu akasema.

Monika akatikisa kichwa. "Mtoto wangu namjua. Huyu anacheua."