Kinyozi na Yasmini

Foleni ya maji ilijaa watu na makelele, jua likichoma utosi. Fundi cherehani alisimama gauni lake la maua likiwa limemganda mgongoni.

"Bibie, ndoo yako inalia kwa kiu," alisema kinyozi nyuma yake, shati jeupe, kitana mfukoni.

"Iache ilie, ina sababu zake."

"Kitendawili."

"Tega."

"Anywa kwa miguu, acheka kwa kichwa."

"Ua. Na mimi uani kwangu nina bustani nzima ya walevi hao."

Kinyozi akambebea ndoo, akazoea kuja, mwisho wakaoana. Bustani ikawa yao: waridi, mchicha, na yasmini iliyopanda mpaka paani. Yasmini hiyo ilipandwa na marehemu mama yake fundi. Hakumwachia kingine.

Kiangazi kilichofuata kilikuja na ghadhabu. Mchicha ukaungua, waridi zikajikunja kama karatasi. Wawili hao wakaoga ndani ya beseni ili maji yale yale yanyweshe yasmini. Katikati ya dhiki hiyo shangazi yake fundi akaugua, fundi akaenda kumuuguza.

"Yasmini haijambo, mpenzi?" aliuliza kwenye simu.

"Haijambo. Wewe muuguze shangazi."

Aliporudi alikuta kisiki kinachofika gotini.

"Ilikuwa inanyauka," kinyozi alisema, macho chini. "Nywele zikidhoofika tunazikata, zinaota na nguvu. Nikadhani..."

"Umemnyoa mama yangu," fundi alisema taratibu. "Halafu ukaniambia haijambo."

Akarudi kwa shangazi na mkoba wake ule ule, haujafunguliwa.

Kinyozi alipiga simu kila siku. Fundi alipokea, akanyamaza, akasikiliza mume akipumua. Siku moja uchungu ukamshinda, na tangu siku hiyo swali likawa lile lile.

"Imechipua?"

"Bado, mke wangu. Nainywesha."

Shangazi, aliyekwishapata nafuu, akamwambia, "Mwanangu, simu haifukui mzizi. Nenda kaone."

Akaenda. Mchana ulikuwa mweupe, ukuta hauguswi kwa joto. Kinyozi alikuwa amechuchumaa uani, midomo imepasuka. Juu ya kisiki alikuwa ametundika kile kitambaa cheupe anachowafunga wateja shingoni, kiwe kivuli. Mkononi alishika kikombe cha maji.

Fundi akapiga magoti, akakwaruza gome kwa ukucha. Kavu. Akafukua mzizi, ukavunjika kama kijiti cha kiberiti.

"Imekufa siku nyingi hii."

"Najua."

"Sasa unamwagia nini?"

"Wewe kila siku ulipokea simu ili uulizie hii. Ningesema imekufa, ungepokea tena? Nilikwambia nainywesha, angalau hilo lisiwe uongo."

 Fundi alilia pale kwenye vumbi mpaka machozi yakamkauka usoni, na kinyozi hakuthubutu kumgusa. Kisha akakichukua kile kikombe, akanywa nusu, akamrudishia.

"Kunywa, mume wangu. Katika bustani hii nimebakiwa na wewe tu, na wewe mwenyewe umeshaanza kunyauka."