Kovu la Kazija

Jamani wa Tanga, wa Nguvumali na Mabawa, wekeni vikombe chini mnisikilize. Mkiona nimetia chumvi mahali, ifuteni; samaki atabaki palepale.

Ijumaa moja huko Maskati, Kazija binti Haidar alikuwa kwenye cherehani yake dirishani, anapinda baibui la bibi harusi huku akiimba. Jikoni wifi yake, Tuhfa, alikuwa anakaanga bajia. Kaka yake Amour, mwenye duka la mabaibui na mwenye nyumba, alikuwa anazila kabla hazijapoa. Nyumba imetulia, ungesema sikukuu.

Mara cherehani ikanyamaza. Tumbo lilimkata Kazija chini upande wa kulia, akajikunja, akaangukia kapu la nyuzi.

Sasa sikieni palipooza. Amour alimtoa dada yake Tanga kwa ahadi ya kumkatia kibali cha kazi na bima ya matibabu mwezi wa kwanza. Huu ulikuwa wa kumi na nne. Akiulizwa: "Wiki ijayo, mdogo wangu." Mabaibui yalitoka kila wiki, kibali hakikutoka. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: ndugu yeyote akiugua, anapewa kadi ya bima ya Tuhfa. Jino, kadi ya Tuhfa. Jicho, kadi ya Tuhfa. Kwa mujibu wa makaratasi ya hospitali, Tuhfa alikuwa ameng'olewa meno mengi kuliko aliyowahi kuota.

Garini, wakielekea hospitali, Amour akaanza kumsomesha.

"Jina?"

"Tuhfa."

"Mimi nani wako?"

"Kaka."

"Mume! Mimi mumeo!"

"Astaghfirullah," Kazija akasema, meno yamekazana. "Hata kufa, sitaki nife nikiwa mkeo."

Daktari alikuwa mama mtu mzima, Mwarabu aliyekulia Unguja, Kiswahili kimemjaa kinywani. Alipobonyeza tumbo, Kazija alipiga yowe ambalo watu wa Mabawa, naapa, walidhani ni honi ya meli bandarini. Daktari akatazama faili kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Dalili zote za kidole tumbo. Lakini humu imeandikwa ulitolewa hapahapa, miaka mitatu iliyopita." Akafunua shuka tena. "Kovu liko wapi?"

Amour hakukosa la kusema. "Daktari, kwetu Tanga tuna mafuta ya nazi na liwa. Ukipaka wiki mbili, kovu halionekani."

"Na kidole tumbo nacho kikaota upya?"

"Liwa ya Tanga ina nguvu sana, daktari."

Daktari hakucheka. "Faili linanipa hata aina ya damu ya kumwongezea. Ikiwa si yake, nitamuua kwa mkono wangu. Mimi humpasua mtu ninayemjua. Nakwenda kumwita nesi. Nikirudi nataka ukweli."

Mlango ulipofungwa, Amour akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kazija, nakuomba. Ukisema tu, duka linafungwa. Dawa za presha za mama zinatoka duka lile. Twende nyumbani, nitakutafutia vidonge."

 Hapo Kazija alimwona akilini mama yake, Bi Thuwaiba, barazani Nguvumali, anahesabu vidonge kiganjani. Kwa ajili ya mama angevumilia mengi, na mengi alikwisha kuyavumilia. Kisha tumbo likamkata tena.

"Duka likifungwa litafunguliwa, kaka. Mimi nikifungwa sanda, utakuja na ufunguo gani?"

"Mbinafsi wewe!"

"Nimekushonea mwaka mzima kwa mikono ya Kazija. Leo unataka nife kwa jina la Tuhfa? Huko nyumbani watamwombea dua nani?"

Akajiinua kwa kiwiko, akapaza sauti mpaka ukumbi mzima ukageuka.

"Daktari! Mimi si Tuhfa! Naitwa Kazija Haidar, mzaliwa wa Nguvumali, Tanga. Huyu ni kaka yangu, si mume wangu, tena namshukuru Mungu. Sina kadi, sina kibali. Ila kidole tumbo ninacho. Kitoeni!"

Daktari akaingia mbio. "Mpimeni damu upya. Makaratasi baadaye."

Damu haikufanana na ya Tuhfa. Kazija akapasuliwa, na alipozinduka aliambiwa kile kidole kisingefika Isha bila kupasuka.

Amour, nje, alimpigia mama yake simu kushtaki.

"Amour," Bi Thuwaiba akamkatiza, "nimezaa wangapi?"

"Wawili, mama."

"Basi usinililie duka. Hilo sikulizaa."

Amour alitozwa faini, duka likafungwa miezi mitatu. Lilipofunguliwa, kila fundi alikuwa na kibali chake na kadi yake. Kazija alirudi Tanga, siku hizi anashona Mabawa, na dawa za mama zinatoka kwenye cherehani yake. Wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo humletea vitambaa. Huwashonea nguo nzima, lakini pindo haliguswi mpaka awaulize.

"Kibali chako na bima yako viko wapi, mwanangu?"

"Shemeji kasema nikifika tu…"

"Basi na pindo utapindiwa ukifika tu."

Wakinuna, huwaambia wazi: ana kovu moja tumboni, na limeandikwa kwa jina lake.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kuazimana kadi ya hospitali si undugu. Daktari humtibu yule aliyeandikwa, na aliyelala kitandani ndiye anayekufa. Na wewe unayemwita mdogo wako ng'ambo, mkatie kibali na bima kabla hujampa kazi. Na wewe unayeitwa, usiondoke na ahadi mkononi. Ukishafika na mambo yakaharibika, sema jina lako. Liseme kwa sauti, hata kama duka la mtu litafungwa.