Baiskeli Iliyokataa Kuwaka

Kila asubuhi, kabla jirani hajafungulia redio yake kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, Bisibisi alisikia mlio mmoja mfupi kutoka uani: ti! Hapo alijua kwamba baba amebonyeza kitufe cha baiskeli na yuko tayari kuondoka. Aliruka kitandani, akakimbilia mlangoni na mswaki mdomoni ili ampungie mkono.

Jina la Bisibisi alipewa na baba mwenyewe. Alipokuwa mdogo aliifungua redio ya nyumbani kwa kisu cha mezani ili amwone mtu anayesoma habari. Hakumwona mtu, na redio haikusema tena. Mama aligomba, baba alicheka mpaka akakaa chini, na jina likaganda. Mama naye akawa Mama Bisibisi, apende asipende.

Baba alikuwa daktari wa mifugo. Wagonjwa wake waliishi juu milimani, mahali ambapo gari halifiki na pikipiki huteleza. Kwa sababu hiyo ofisi yake ilimpa baiskeli ya umeme ya kupandia milima, yenye matairi mapana, betri nene kwenye fremu, mota kwenye gurudumu la nyuma na kioo kidogo kwenye usukani. Mpandaji hukanyaga pedali, na mota humsaidia kusukuma. Baba aliipenda baiskeli hiyo, na alikuwa akiisalimu kabla ya kusalimu watu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule barazani kwa cherehani ya umeme, akiwa na pini mdomoni na futi shingoni. Kwa sababu ya zile pini, au kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, hakuwa msemaji sana. Baba ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili.

"Leo nani anaumwa?" mama aliuliza siku moja.

"Ng'ombe wa yule mzee wa kule kileleni. Wanakohoa wote wawili, lakini mimi nitamtibu ng'ombe tu. Mzee ana daktari wake."

Mwaka huo Bisibisi aliingia darasa la sita, na mwaka huohuo baba akaanza kuchoka. Alipumua kwa shida akipanda ngazi za mlangoni, na miguu yake ilivimba jioni. Mama alimpeleka hospitali. Waliporudi, baba alikuwa anacheka kama kawaida yake.

"Daktari anasema moyo wangu umechoka, ati niache milima," alimwambia Bisibisi. "Nimemwambia anayepanda mlima si mimi, ni mota!"

Bisibisi alicheka. Mama hakucheka. Aliingia ndani akapanga dawa za baba kabatini, na kesho yake asubuhi baba akapanda tena mlimani.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mlio haukusikika. Bisibisi alipotoka nje alimkuta baba amesimama uani na mkoba wake wa sindano begani, akibonyeza kitufe, akingoja, akibonyeza tena. Kile kioo kidogo kilibaki cheusi.

"Mgonjwa wetu leo yuko hapa hapa nyumbani," baba alisema. "Lete kigoda, Bisibisi."

Kwa miguu baba hakuweza tena kufika milimani. Ofisi ilimtuma daktari mwingine kwa muda, na baba akabaki nyumbani na baiskeli yake. Kila Bisibisi alipotoka shule alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, mikono myeusi kwa grisi. Alitupa mkoba wa vitabu na kuchuchumaa karibu naye.

"Ng'ombe hasemi anaumwa wapi," baba alimfundisha. "Kwa hiyo hubahatishi. Unaanzia mdomoni, unamalizia mkiani. Mdomo wa baiskeli hii uko wapi?"

"Kwenye chaja?"

"Vema, daktari. Anakula?"

Walianza na soketi ya ukutani. Bisibisi aliomba taa ya cherehani ya mama, akaichomeka pale, ikawaka. Soketi nzima. Wakachomeka chaja kwenye betri. Taa ya chaja iliwaka nyekundu, na jioni ikageuka kijani. Betri ilikuwa inajaa.

"Anakula vizuri, ila hasimami," baba alisema, akikuna kidevu. "Ugonjwa wa ajabu huu."

Wakachomoa betri, wakafuta meno yake ya shaba kwa pamba yenye spiriti ya kusafishia majeraha ya ng'ombe, wakairudisha mpaka ikasikika imekaa. Kioo cheusi. Wakafungua kitufe, wakapuliza vumbi. Kioo cheusi. Wakafuata kila waya kwa vidole, kutoka kwenye usukani hadi kwenye gurudumu, wakitafuta palipokatika. Hapakukatika popote.

"Baba, tuipeleke kwa fundi wa baiskeli," Bisibisi alisema.

"Fundi ana kazi nyingi," mama alijibu haraka kutoka barazani, kabla baba hajafungua mdomo. "Mwacheni kwanza."

"Na mimi nimetibu mafahali wenye hasira," baba aliongeza. "Nishindwe na chuma?"

Lakini chuma kilimshinda. Kadiri siku zilivyopita, vichekesho vyake vilipungua. Kuna jioni mama alisimama nyuma yake kwa muda mrefu, akamtazama alivyoinama, akafumbua mdomo kutaka kusema jambo. Kisha akauliza kama wangependa chai.

"Tumechoka wote wawili, mzee mwenzangu," baba aliiambia baiskeli, akipigapiga kiti chake. Akamgeukia binti yake. "Baba yako ametibu mifugo ya watu maisha yake yote, Bisibisi. Sasa cha kwake mwenyewe hajui kinaumwa wapi."

Alisema akitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu, na Bisibisi aliyaona.

Baba alifariki wiki hiyohiyo, mchana, akiwa amejilaza. Moyo ulisimama tu. Bisibisi aliitwa kutoka darasani, na alipoona mwalimu mkuu anakusanya vitabu vyake kwa mikono yake mwenyewe, akajua. Hakuna maneno ya kueleza maumivu ya mtoto aliyempenda baba yake hivyo. Alilia mpaka sauti ikakauka, na baada ya mazishi akawa halii tena, jambo ambalo mama aliliogopa zaidi.

Majirani walirudi majumbani kwao. Cherehani ya mama ilianza tena kunguruma. Baiskeli ilibaki imeegemea ukuta, na kila Bisibisi alipoiona alisikia yale maneno ya mwisho: hajui kinaumwa wapi. Yalimchoma. Alitaka baiskeli ile iwake, hata mara moja tu, ili ajue walikosea wapi, na ili iwe kwamba baba hakushindwa bali alikatizwa njiani.

Jumamosi moja mama alipokwenda kupeleka sare kwa wateja, Bisibisi aliikokota baiskeli hadi kwa fundi wa kona ya pili. Fundi huyo alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye huzungumza na spana zake zinapopotea. Alipoiona baiskeli, alinyamaza. Alimjua mwenye baiskeli.

"Pole sana, mwanangu. Nieleze mmeangalia nini."

Bisibisi alieleza yote kwa utaratibu, tangu soketi hadi waya wa mwisho. Fundi aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akatoa kipima umeme chake chenye sindano mbili, akazigusisha kwenye betri.

"Umeme upo tele," alisema. Akagusisha upande wa pili, chini ya mahali betri inapokaa. "Hapa haufiki. Unapotelea njiani. Tuone nani anaula."

Alichomoa betri, akainua kifuniko kidogo cha mpira kilichojificha kwenye fremu, pale kitako chake kinapokaa. Ndani yake palikuwa na vijino viwili vya shaba vikitazamana, na katikati yake hapakuwa na kitu.

"Hapa hukaa fyuzi," fundi alisema. "Umeme wote hupitia hapa. Sasa nashangaa, maana fyuzi ikiungua huacha maiti yake humu humu..." Akajishika mdomo. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu huu."

"Hapana neno, fundi. Kwa hiyo haikuungua?"

"Haikuungua. Imetolewa, na kifuniko kikarudishwa vizuri. Fyuzi haina miguu."

Akatafuta fyuzi nyingine katika droo yake, akaichomeka, akarudisha betri. "Bonyeza mwenyewe," alisema.

Bisibisi akabonyeza. Ti! Kioo kikawaka. Ndipo machozi aliyoyazuia tangu mazishi yalipomtoka, na fundi yule mwenye maneno mengi akasimama pembeni akifuta spana iliyokuwa safi tayari.

Mama alikuwa amesharudi, yuko kwenye cherehani, Bisibisi alipoingia uani akiisukuma baiskeli na taa yake ya mbele ikiwaka mchana kweupe. Mguu wa mama uliacha kukanyaga.

"Imewaka, mama! Baba hakukosea kitu! Tulifuata kila hatua sawasawa, ila kuna mtu alitoa fyuzi. Fundi anasema ni mkono wa mtu kabisa. Mama, nani angeweza kumfanyia baba unyama kama huo?"

Mama alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa. Akavuta kopo la vifungo, akachakura hadi chini kabisa. Kiganja chake kilipofunguka, kilikuwa na kifyuzi kidogo chekundu.

"Ni mimi," alisema.

Bisibisi alimtazama asielewe.

"Cherehani yangu ina fyuzi, nimezibadilisha mara nyingi, najua zilivyo. Daktari alituambia wazi kwamba mlima mmoja zaidi unaweza kumwua. Usiku sikulala. Alfajiri niliitoa ili abaki nyumbani. Nilidhani atakaa siku kadhaa, atazoea, nami nitamwambia. Kisha mkaanza kuitengeneza, na kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

"Baba alijua?"

Mama angeweza kudanganya hapo, na uongo huo ungewafariji wote wawili. "Hakujua," alijibu.

"Alifikiri ameshindwa!" Bisibisi alipiga kelele. "Alikaa pale juani kila siku, na wewe ulikuwa unamwona! Ulitupatia taa ya cherehani tupime soketi, mama! Ulikuwa unajua!"

Akaiangusha baiskeli, akakimbilia ndani, akajifungia. Mama hakumfuata mara moja. Aliiinua baiskeli, akaizima, akaiegemeza ukutani, kisha akaenda kukaa sakafuni nje ya mlango wa chumba cha binti yake. Huko, kwa mara ya kwanza, aliongea kuliko alivyowahi kuongea.

"Bisibisi, nisikilize, hata usiponijibu. Kila nilipotaka kumwambia baba yako kwamba naogopa, alinichekesha, nami nikanyamaza. Nikaona kutoa fyuzi ni rahisi kuliko kusema. Nilimpenda, na nilimdanganya, na la kwanza halikufuta la pili. Pengine angenisikia akakaa kwa hiari yake, tukanywa chai tukizungumza. Pengine angekataa. Lakini moyo ulikuwa wake, na uamuzi ulikuwa wake. Mimi nilimnyang'anya. Shuleni mnafundishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ingekuwa fupi ningeshukuru. Imevuka hata kaburi lake."

Baada ya muda komeo lilivutwa, na mlango ukafunguka kidogo. Uso wa Bisibisi ulikuwa umevimba.

"Mama, nimekukasirikia," alisema. "Nimekukasirikia sana. Na sijui nitaacha lini."

Maneno hayo yalimwingia mama barabara, ikaonekana usoni. Lakini hakugeuza macho.

"Asante," alisema. "Kasirika mpaka hasira iishe, mimi nipo. Ila kila siku uniambie hivyo hivyo, usinifiche."

Bisibisi alisita, kisha akatoka akakaa sakafuni, si karibu sana, lakini upande uleule wa ukuta. Mama alimnyooshea mkono, naye baada ya kitambo akaushika.

"Hivi ulivyofanya sasa ndivyo nilivyopaswa kumfanyia baba yako," mama alisema. "Kumbuka hili kuliko yote niliyokufundisha, mwanangu. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli angali anasikia."