Wembe wa Koko Bibiane

Asubuhi za mvua huko Bagira, Bintu alikwenda shule peku, viatu vyake vikiwa mikononi mwa Papa Zagabe, mume wa pili wa mama yake. Wakifika langoni, Papa Zagabe alimpangusa matope kwa leso yake, kisha akamvika viatu. Majirani walimcheka mwanamume mzima anayebeba viatu vya mtoto asiye wake. Hakuwajali.

Papa Zagabe alipofariki baada ya kuugua muda mrefu, ndugu yake Anaclet alitokea. Wakati wote wa ugonjwa hakufika Bagira hata mara moja, eti ofisi ilimbana. Ofisi hiyo hiyo ilimwachia siku ya mazishi, siku yenye watu wengi wa kumtazama. Alilia kwa sauti kubwa, na kila mpiga picha alipogeukia kwingine, alinyamaza.

Siku ya kumaliza matanga, watoto wa marehemu hunyolewa nywele. Gloire, mdogo wake Bintu aliyezaliwa na Zagabe, alinyolewa kwanza. Bintu alipokaa kwenye kigoda, Anaclet alirekebisha tai yake, akamshika mkono na kumwinua.

“Huyu mutoto haiko wa damu yetu,” alisema. “Musimunyole. Watu watatucheka.”

Bintu alikishika kigoda kwa mkono mwingine. Asiponyolewa, ukoo mzima ungejua kwamba hakuwa na baba pale. “Tonton, alikuwa papa yangu,” alimwambia ami yake. “Muniache nikae.”

Koko Bibiane, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameshika wembe. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu vinavyong’aa hadi nywele zilizotiwa rangi.

“Ni sawa, Anaclet. Weye njo wa damu. Ikala hapa, nikunyole.”

Anaclet alishika kichwa chake. “Maman, kesho niko na mukutano na wakubwa.”

Watu waliguna. Mheshimiwa huyo akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka akafika kwa wapishi, na huko akajifanya anakagua sufuria ya maharage.

Koko alimnyoa Bintu taratibu, kisha akampangusa kichwa kwa leso ya Papa Zagabe.

“Mujukuu wangu,” alisema, “mutu akisema anakupenda, umuangalie siku ya kazi, hapana siku ya picha. Zagabe alikuwa papa yako kila asubuhi. Na weye ufanye vile.”

Jumatatu mvua ilinyesha. Bintu alimpeleka Gloire shule, kichwa chake kikiwa kimenyolewa, viatu vya mdogo wake vikiwa mkononi mwake.