Aliyekula na Deodata

Ugali wa Deodata ulikuwa umemegwa kabla hajanawa. Alama za vidole zilikuwa ndefu mno, na ndani yake kulikuwa na ute mweupe kama maji ya mchele, ule ule aliokuwa akiusafisha kutwa nzima katika hema la kipindupindu.

Mwaka ule wa wakimbizi wengi, Deodata alikuwa nesi kambini, Ngara. Nyumbani kwa mumewe, Kibimba, watu wote hula sahani moja, lakini mama mkwe wake, Domisiana, alikuwa amemtengea yake nyuma ya migomba.

"Usituletee mavi ya watu hapa," alimwambia.

Mumewe Pancras, bwege yule, akaendelea kutafuna.

Basi Deodata akawa anakula peke yake, na kila jioni kitu kikaja kumega naye. Hakukiona. Alikisikia kikilamba vidole, alinusa klorini na matapishi yaliyochacha, na kadiri alivyosogeza sahani ndivyo pumzi ile yenye uvundo ilivyomsogelea shavuni, ikamteremkia shingoni, ikamjaza ute mdomoni, hata akaacha kula kabisa, mikono ikaanza kumtetemeka, na kambini akashindwa kuupata mshipa wa mtoto aliyekuwa akiishiwa maji mbele yake.

Nesi mwenzake, Swabaha, ndiye aliyemtundikia mtoto yule dripu. Kisha akamleta Kibimba mjomba wake, Abdulkarimu, mganga kutoka Biharamulo mjini. Mzee aliinusa tu sahani, akafunika pua.

"Hili jini halifukuzwi kwa ubani," alinong'ona. "Limekaa mahali pa mtu. Domisiana, kaa hapa ule na mke wa mwanao."

"Mimi? Nile uchafu huo?" Domisiana akatema mate, akaingia ndani.

Swabaha akachuchumaa. "Bismillahi. Sogea, dada, tule."

Akamega tonge lenye ute, akalimeza huku machozi yakimtoka. Kitu kikaguna kwenye migomba, uvundo ukakatika. Deodata akala, akalia, akala tena. Kesho yake alihamia kwa Swabaha, akarudi hemani, na mikono ikatulia.

Wiki ile ile Domisiana akaharisha, mara moja tu. Pancras, mwanawe wa kumzaa, akamwekea sahani nyuma ya migomba huku ameziba pua.

"Pancras, mwanangu, njoo tule," mama aliita.

Pancras akatia komeo mlangoni.

"Nimefika, mama," ikajibu sauti ya majimaji kutoka upande wa pili wa sahani, na tonge likamegwa.